Usimpokonye mwanao penseli

Kama umetoka ibadani, karibu. Kama ndiyo kwanza unaamka, pia karibu, mradi kikombe cha chai ukiweke mbali na ukurasa huu. Leo nataka tuzungumzie jambo linalovuruga amani katika nyumba nyingi za jiji hili, kuanzia Kangemi hadi Karen.

Jambo lenyewe huanza hivi. Jioni moja unafungua daftari la hesabu la mwanao. Ukurasa wa kwanza una hesabu. Wa pili una nusu hesabu na nusu matatu, tena matatu yenye mabawa. Kuanzia wa tatu hadi mwisho wa daftari ni simba, majoka yanayotema moto, jumba la KICC likipaa angani kama roketi, na mwalimu wa hesabu mwenyewe akiwa ameota pembe. Damu inakupanda. Unakumbuka karo uliyolipa kwa kukopa. Unamwita mtoto, unamwuliza kama hiki ndicho alichopelekwa shuleni kufanya. Naye, badala ya kuomba msamaha, anakwambia kwamba akimaliza masomo anataka kwenda ng'ambo kutengeneza viinimacho vya sinema.

Usimpige. Usimpokonye penseli pia. Nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Kazi anayoitaja ipo, na ni kazi ya watu wazima wenye kodi ya nyumba ya kulipa. Unapotazama filamu ukaona mji ukibomoka, mtu akiruka kutoka ghorofa ya ishirini bila kuvunjika hata ukucha, au chui akizungumza, kuna fundi aliyekaa mbele ya kompyuta akayatia mambo hayo ndani ya picha. Sinema ni picha zilizotulia zinazopita mbele ya macho yetu kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Fundi wa viinimacho huziendea picha hizo moja moja, akafuta kisichotakiwa na kuongeza kisichokuwapo.

Hapa kwetu tumewahi kuuona ufundi huu kwa sura ya zamani. Filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985, ilipigwa karibu na vilima vya Ngong. Waliotaka kuuonyesha mji wa Nairobi wa miaka ya 1910 waliujenga upya, nyumba kwa nyumba. Walipohitaji jumba la gavana, walikwenda Nairobi School, pale kando ya Waiyaki Way, kwa kuwa jengo la utawala la shule hiyo lilifanana na makao ya wakoloni. Ukitaka mji, ulijenga mji. Ukitaka simba, ulitafuta simba.

Sasa itazame The Lion King iliyotoka mwaka 2019. Watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya kutazama wanyama, nyasi na anga, kisha wakarudi kwao na kuunda kila kitu kwa kompyuta. Mwelekezi wake, Jon Favreau, alieleza kwamba katika vipande karibu 1,500 vya filamu hiyo, ni kimoja tu kilichopigwa kwa kamera barani Afrika, nacho ni kile cha jua likichomoza mwanzoni. Simba, nyumbu, vumbi na mawe vyote vilitoka kwenye kompyuta za kampuni ya MPC. Hebu fikiria, msomaji. Watu wamevuka bahari kuja kutazama kitu ambacho mwanao anaweza kukiona kwa kupanda matatu hadi Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako simba hutembea na majumba ya jiji yakiwa nyuma yao.

Basi huyo kijana wetu akifika London au Vancouver, siku yake huwaje? Kwanza ondoa mawazo ya zulia jekundu na kupigwa picha na mastaa. Wakati wa baridi, fundi huyu huondoka nyumbani kukiwa na giza, na anaporudi kumekwisha kuwa giza, maana mwezi wa Desemba jua la huko huzama mnamo saa kumi jioni. Huko kazini nako vyumba vingi hufungwa mapazia ili rangi za kwenye skrini zionekane sawasawa. Kuna mafundi ambao kwa wiki nzima hulijua jua kwa kulichora tu.

Asubuhi hukusanyika katika chumba kidogo kilicho kama jumba la sinema, wakatazama kazi ya jana kipande kwa kipande. Msimamizi anasema kivuli hiki ni chepesi mno, moto huu unasuasua, manyoya haya hayaonekani kuwa yamelowa. Kila mtu anarudi kwenye meza yake kurekebisha. Mwanafunzi wa kazi hupewa kibarua cha chini: kumkata mwigizaji kutoka kwenye picha kwa kufuata ukingo wa nywele na vidole vyake, au kufuta kamba iliyomshikilia mtu aliyekuwa akijifanya anaruka. Kipande cha sekunde tano kina picha 120, na kila picha ni lazima ipitiwe. Akiifanya kazi yake vizuri, hakuna atakayejua kwamba aliifanya. Akiikosea, mamilioni wataona.

Jioni kompyuta huachwa zikikokotoa usiku kucha, kwani picha moja tu yenye maji au manyoya mengi inaweza kuchukua saa kadhaa kukamilika. Tarehe ya filamu kutoka ikikaribia, Jumamosi na Jumapili huliwa pia. Isitoshe, fundi huwa ametia sahihi mkataba wa siri, hivyo hata mamaye hawezi kumwonyesha anachotengeneza mpaka filamu itoke. Filamu yenyewe ikitoka, jina lake hupita mwishoni kwa maandishi madogo, wakati watu wameshasimama kutafuta makoti yao.

Hapo ndipo ninapotaka uyatege masikio. Ukiwachunguza mafundi hawa baada ya kazi, utashangaa. Mtu aliyeshinda siku nzima akimtengeneza simba kwa kompyuta, jioni huenda darasa la kuchora watu kwa makaa. Mwingine hufinyanga udongo. Mwingine huzunguka mitaani na kamera akipiga picha za kuta zilizochubuka na mabati yenye kutu. Mwingine hujenga vigari na vinyumba vya mbao mezani kwake. Mtu mzima, mwenye shahada, anacheza michezo ile ile ambayo mwanao huichapiwa!

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Kompyuta haijui moto ulivyo, wala haijui jinsi kitambaa kinavyokunjika mtu akiketi. Ni lazima fundi awe ameviona mwenyewe, tena kwa macho ya kuchunguza. Mkono unaochora hulifunza jicho kuona.

Sababu ya pili ni ya moyo. Simba yule si mali ya fundi. Ni mali ya studio, na studio nayo imeajiriwa na kampuni nyingine. Baada ya miezi minne ya kufuta kamba, binadamu anahitaji kitu kimoja duniani anachoweza kusema, "Hiki nimekifanya mimi." Kazi ni ya studio, msomaji, lakini jicho ni la fundi. Na uraibu huo mdogo wa jioni ndio unaolilisha jicho.

Tena ana haja nalo kuliko unavyodhani, kwa sababu biashara hii ni kama mawimbi. Ajira nyingi ni za miezi, kwa muda wa filamu moja. Serikali za majimbo yenye miji kama Vancouver na Montreal huwapunguzia kodi watengenezaji wa filamu, kazi ikakimbilia huko, na mafundi wakaifuata na mabegi yao. Kwa mgeni, aghalabu kibali cha kuishi kimefungamana na ajira. Ajira ikikatika, siku zake nchini humo huanza kuhesabiwa.

Vyote ving'aavyo si dhahabu, na mifano ipo. Mnamo Februari 2013, filamu ya Life of Pi ilishinda tuzo ya Oscar kwa viinimacho vyake, hasa yule chui-milia aliyemo mashuani. Kampuni iliyomtengeneza, Rhythm & Hues, ilikuwa imejitangaza kuwa imefilisika wiki mbili hivi kabla ya usiku huo. Ndani ya ukumbi, msimamizi wa kazi hiyo alipoanza kuitaja shida ya kampuni, muziki ulipigwa kumkatiza. Nje, mamia ya mafundi walikuwa barabarani wakiandamana. Na ile MPC iliyowatengeneza simba wa mwaka 2019? Kampuni mama yake, Technicolor, ilianguka Februari 2025, na mafundi wake wa London wakarudi nyumbani bila kazi, hata waliokuwa katikati ya filamu.

Nakusikia ukisema, "Unaona! Bora asomee uhasibu." Subiri kidogo. Siku ile studio inapofunga milango, anayebaki na kitu ni yule aliyekuwa na jicho lake na kazi yake mwenyewe kando. Aliyekuwa na kiti cha studio pekee huondoka mikono mitupu. Nitakupa mifano ya karibu.

Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alikuwa kibarua wa kawaida mjini Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama juu ya vibao vya bei nafuu, akitumia rangi za kupakia baiskeli. Hakuwa na chuo wala mfadhili. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ukarithiwa na wengine na kubeba jina lake. Mwaka 2010, watoto wa Uingereza walianza kutazama kwenye runinga Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya vibonzo vilivyochorwa kwa mtindo ule. Na vilitengenezwa wapi? Hapa Nairobi, na mikono ya vijana wetu, katika studio ya Homeboyz. Rangi ya baiskeli ilizaa ajira miaka karibu arobaini baada ya mwenyewe kuzikwa.

Bi Ng'endo Mukii, Mkenya, alikwenda London kusoma katika Royal College of Art. Filamu yake ya mwaka 2012, Yellow Fever, haikuhusu mambo ya London. Ilihusu wanawake wanaojichubua ngozi, habari aliyoibeba kutoka nyumbani. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waelekezi wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu kumi fupi za Kiafrika uliotolewa na Disney, akiwa na filamu yake iitwayo Enkai.

Bw Osborne Macharia alisomea usanifu wa majengo, akajifunza upigaji picha mwenyewe, na siku hizi makao yake ni Vancouver. Amejulikana ulimwenguni kwa picha za watu wa kubuni wenye asili ya Kenya, wakiwemo mabibi wazee waliovalia mitindo ya kifahari. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, Marvel ilimpa kazi ya kuunda picha za kuiadhimisha. Ni nyanya zetu waliomfikisha huko.

Na kuna asiyevuka hata mpaka. Kule Wakaliga, mtaa wa hali ya chini mjini Kampala, Bw Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe, na mitutu ya bandia iliyochomelewa kutoka vyuma chakavu. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ina milipuko na helikopta za kompyuta ambazo hazimdanganyi mtu yeyote, na bado imetazamwa na mamilioni duniani. Mwaka huo huo, hapa Nairobi, vijana wa Just A Band walitoa video ya wimbo wa Ha-He, wakamfufua Makmende, shujaa ambaye watoto wa mitaa yetu walikuwa wakimtaja kwenye michezo ya miaka ya tisini. Nchi nzima ikacheka na kumtungia visa kwa wiki kadhaa. Hakuna studio ya ng'ambo iliyowaruhusu. Walicheza, basi.

Sasa, mzazi, ufanye nini? Nitakupa kazi ya alasiri ya leo, na haihitaji pesa zaidi ya nauli. Mchukue mwanao na daftari lile lile mwende kutazama jiji kwa macho ya fundi.

Anzieni Kawangware, mkawatafute watoto wanaotengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Mwambie mwanao alitazame gari hilo vizuri. Fundi wa kompyuta naye hulijenga umbo kwa mistari iliyo kama waya kabla ya kulivika ngozi na rangi. Mtoto wa Kawangware ameshaanza somo la kwanza bila kujua.

Teremkeni Ngong Road, mahali mafundi wa jua kali wanapochomelea milango na vitanda, kama yuko anayefanya kazi leo. Msikodolee macho ule mwanga mweupe, utawaumiza. Tazameni cheche zinapoanguka: zinaruka juu zikigusa ardhi, zinagawanyika, zinabadilika kutoka nyeupe hadi nyekundu kabla ya kufa. Kuna mtu London analipwa mshahara kuziiga hizo.

Pitieni Arboretum mguse magome ya miti, mjue ni kwa nini gome la mti mmoja haliwezi kuvikwa mwingine. Nendeni Westlands mtazame vivuli vya nguzo za ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Saa saba kivuli ni kifupi na ukingo wake ni mkali. Kaeni mnywe soda. Ifikapo saa kumi na moja kimerefuka na ukingo wake umelainika.

Malizieni mjini. Simameni mbele ya Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, mchore nguzo zake za mawe. Kisha tafuteni mahali panapoonyesha KICC, jumba lililokamilika mwaka 1973, mjiulize swali la kifundi: tukilifuta jumba hili kwenye picha, nyuma yake tutaweka nini? Mawingu ya rangi gani? Na kile kivuli chake kilichoanguka kwenye uwanja, tutakikumbuka? Mvua ikiwanyeshea, msikimbilie matatu mara moja. Tazameni taa zake zinavyojikunja kwenye lami iliyolowa.

Baada ya hapo, zungumzeni kama watu wazima. Usiuze shamba kulipia kozi ya miezi mitatu iliyotangazwa kwa bango lenye picha ya joka. Kuna programu iitwayo Blender ambayo haiuzwi, inapatikana bure, na filamu ya Flow kutoka Latvia iliyotengenezwa kwayo ilishinda Oscar mwaka 2025. Kompyuta ya mtumba inayoweza kuiendesha inatosha kuanzia. Mwambie mwanao akuletee filamu yake mwenyewe ya sekunde kumi, iliyokamilika. Akikuletea, mwombe nyingine. Asiyeweza kumaliza sekunde kumi nyumbani hatamaliza sekunde tano London, na ni heri mlijue hilo kabla ya kukata tiketi. Na kama yuko shule, jueni kwamba Mtaala wa Umilisi umeitambua sanaa kuwa moja ya njia tatu za shule za upili za juu. Si mchezo wa watoro tena.

Nawe, mwanafunzi unayeyasoma haya kwa kuchungulia juu ya bega la mzazi wako, usidhani nimekutetea bure. Moto, maji na manyoya ndani ya kompyuta ni hesabu na fizikia tupu. Pembe, mwendo, mwanga unavyogonga kitu na kurudi, yote hayo yamo kwenye zile hesabu ulizoziacha nusu katika ukurasa wa pili. Ndizo zinazomfanya simba atembee. Zimalize kwanza, kisha uchore simba wako. Na usiku mmoja, ukiwa ng'ambo au ukiwa hapa Kangemi, mkataba ukiwa umekwisha na simu ikiwa imenyamaza, utakuwa na penseli, utakuwa na jicho, na utajua pa kuanzia.

Mzazi, mrudishie daftari lake. Lakini mnunulie na jingine lisilo na mistari, ili la hesabu lipumue.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.